Yule bwana mkubwa wenu wa jana: ANAKUNYWA MAJI huku sauti yake inaimba!!

MsemaHovyo_Temeke
Wakuu naandika hapa sijalala, macho mekundu, soksi zina tope, na mwenye kutaka kuniambia "pole mkuu" asubiri kwanza nimalize.

Huyu mwimbaji wenu wa shoo ya jana. Simtaji, mnamjua, mabango yake yamejaa kuanzia Mbagala mpaka Tegeta kavaa miwani meusi usiku. Tiketi imeandikwa saa mbili usiku. Saa mbili! Mimi mjinga nikafika mapema kuwahi siti. Saa nne DJ. Saa sita DJ yule yule nyimbo zile zile, MC anapiga kelele "yuko njianiiii", hiyo njia sijui alianzia Kigoma kwa mguu. Saa nane wakaletwa machipukizi, kila mmoja ana wimbo wa mama yake. Saa tisa na ushee ndio taa zikazimwa, moshi ukamwagwa, bwana mkubwa huyoo na mabaunsa wengi kuliko sisi tuliolipa.

Sasa sikilizeni. Wimbo wa kwanza umefika kwenye kiitikio, ile sehemu ambayo redioni anaipandisha mpaka paka wa jirani wanahama, mimi nimefumba macho naingojea kwa hamu. Sauti ikapanda. Nikafumbua macho. Jamaa ANAKUNYWA MAJI. Maiki iko kwapani. Kwapani wakuu! Chupa kaiinua juu, koromeo linapanda linashuka, glu glu glu, na sauti yake inaimba tu, haitetemeki, haina habari kwamba mwenyewe yuko kwenye shughuli nyingine. Tena hakupiga fundo moja, kamaliza chupa nzima, kafunga kizibo VIZURI, akawatupia watu.

Na watu wakaigombania!!

Nimelipa laki moja VIP. VIP yenyewe viti vya plastiki vimevishwa vitambaa vyeupe na riboni kama msiba wa mtu mwenye pesa, halafu vimepangwa mbele ya spika la besi, sikio la kushoto mpaka sasa hivi linapiga filimbi. Shemeji yenu naye tiketi, nywele mpya, bajaji kwenda na kurudi, chipsi mayai elfu nane (nje ya geti elfu tatu), yote hayo ili nikamuone mtu mzima ana kiu.

Akapiga nyimbo nne akasema "Dar mnanipendaaa" akaondoka. Wimbo wa tatu ile flashi yenye nyimbo zake ilikwama ikawa "nakupe nakupe nakupe nakupe" na yeye anahangaika na mdomo kuifuata hivyo hivyo, nakupe nakupe! Hilo nimemsamehe, vyombo ni vyombo. Ila maji sijasamehe. Maiki kwapani, mtu anakunywa maji, wimbo unaendelea.

Hela yangu naidai kwa nani?

ChipsiKavu
Nimesubiri umalize. Pole mkuu. Swali dogo tu, yalikuwa Kilimanjaro au Uhai?

MsemaHovyo_Temeke
We mpuuzi kweli. Uhai ndogo.

BwanaMipango
Umelipa laki kumwangalia mtu anakunywa maji. Mimi hapa Mabibo nakunywa kila siku na hakuna anayekuja. Njoo PM tupatane, buku mbili tu, na sikuchelewi mpaka saa tisa.

Nyuki_Mweusi
Chai. Leta video.

MsemaHovyo_Temeke
Video ipo ila alikuwa anachukua shemeji yenu na muda wote anaimba yeye, ndio sauti pekee ya laivu iliyosikika jana kiwanja kizima.

Getini_Boy
Sitakiwi kusema maana jana nilikuwa kazini, ila ile chupa nimeona inauzwa nje elfu kumi. Na aliyenunua ni mtu mzima, ana kitambi na funguo za gari.

Kibopa_Original
Mleta mada una wivu. Pleibeki, kufungulia wimbo uliorekodiwa, wanafanya mpaka huko Marekani. Afadhali huyo wenu kafika. Mimi nilikuwepo viwanja vya Leaders 2012 alipokuja Rick Ross, yule rapa wa Marekani, ile ndio shoo ya kusimulia wajukuu, nyie wa juzi juzi mnakuja kutusumbua na habari za maji.

ChipsiKavu
Kibopa mwambie ukweli, ulikuwa Leaders ndani au juu ya ukuta?

Kibopa_Original
Ukuta nao ni ndani.

MzeeWaDDC
Vijana mnajitakia wenyewe. Mnalipa laki kwa mtu na flashi yake. Sisi ukumbi wa DDC Kariakoo tulikuwa tunaingia kwa hela ya bia mbili unaikuta bendi ya Sikinde kamili, waimbaji wamesimama mstari, tarumbeta nyuma, na wakianza wanapiga mpaka unaomba mwenyewe wapumzike. Waya wa gitaa la solo ukikatika jamaa anaufunga pale pale kakunja goti, besi na rithim wanazunguka tu wanamngoja, wewe uliyeko katikati ya ukumbi unacheza hujui kama kuna kitu kimetokea, ila ukiwa karibu unamuona ameng'ata ncha ya waya mdomoni huku anakaza kwa vidole. Leo waya gani ukatike? Flashi?

Msondo_NgomaYaUkweli
Mzee umeongea vizuri mpaka ulipotaja Sikinde. Baba ya Muziki ni bendi ya Msondo. Tupo tangu 1964 tukiitwa NUTA Jazz, nyie mmezaliwa 1978 mnataka kukaa meza ya wakubwa.

MzeeWaDDC
Na hiyo 1978 mwimbaji wenu Gurumo aliwakimbia, enzi hizo mnaitwa Juwata, akaja kutuanzishia Sikinde. Mkabaki mmeduwaa.

Msondo_NgomaYaUkweli
Na akarudi nyumbani! Na amestaafu akiwa Msondo! Mtoto akienda kutembea kwa jirani hajabadilisha ukoo.

MsemaHovyo_Temeke
Wakuu naomba turudi kwenye mada. Maiki ilikuwa KWAPANI.

PwaniTamu_Unguja
Jamani mie nasema njooni tamasha la Sauti za Busara huku Unguja, pale Ngome Kongwe hawataki pleibeki, laivu tupu, huna bendi kaa kwenu. Shoo yangu bora maishani ni ya mwimbaji wetu wa taarab Bi Kidude, Mungu amrehemu, anapanda jukwaani pekupeku taratibu, kibibi kidogo hivi unasema leo huyu atakaa kitako tu tumpungie mikono, akifungua mdomo lile sauti limekwaruza kwa sigara zake linapita juu ya ngoma zote, wazungu waliokuja na kamera wameziacha shingoni zinaning'inia wamesahau kupiga picha. Tena hakuna aliyemletea maji.

BwanaMipango
Hakuna aliyemletea maji 😂😂😂 mleta mada umesikia hiyo

Jamaa_wa_Umoja
Wabongo mnalia sana aki. Yenu alifika akakunywa maji. Sisi 2016 kuna mzee fulani wa Kongo, mnamjua pia, mwanamuziki, alirusha teke pale JKIA, airport ya Nairobi, kabla hata hajafika kwa hoteli, kesho yake akarudishwa kwao, na watu walikuwa wamenunua tiketi na mashati za kung'aa. Mwaka huo huo Mombasa wakaletewa Chris Brown, wasee wa Nairobi wakashuka na basi usiku mzima maana treni ya SGR haikuwa imeanza. Hamjui shida nyinyi.

Nyuki_Mweusi
Mashati za kung'aa hapo ndio pameniuma.

Da_Zai_Magomeni
Nyie wanaume tulieni niwaambie shoo mbaya. Mimi nimeenda taarab na kijora changu kipya, nina noti za elfu tano tano kwenye pochi, ukapigwa wimbo mtamu wa vijembe kuhusu mwanamke anayekopa vitenge halipi anajifungia ndani akigongewa. Nikanyanyuka mimi. Nikatoka mbele nacheza nimejiachia, namtunza mwimbaji noti moja moja, nyingine nambandika kwenye paji la uso, naye ananiangalia anacheka anarudia beti. Narudi kukaa, shoga yangu ananivuta mkono, "Zai, wimbo umeagizwa na mama fulani meza ile pale, kauagiza kwa ajili yako." Nageuka namuona mwenyewe kaniinulia glasi ya soda!! Nimetunza kijembe changu mwenyewe kwa hela yangu mwenyewe. Na mwimbaji alikuwa anajua!

ChipsiKavu
Uzi umepata mwenyewe. Mleta mada pumzika.

Getini_Boy
Da Zai swali, vitenge umelipa?

Da_Zai_Magomeni
Hilo halihusiani na muziki.

Msondo_NgomaYaUkweli
Hahaha lipa vitenge dada. Ungekuja Msondo tungeimba habari za mapenzi ukarudi nyumbani salama.

MzeeWaDDC
Angekuja Sikinde angerudi na mume.

MsemaHovyo_Temeke
Nimeongea na promota kwa simu. Anasema tiketi imeandikwa "atakuwepo", haikuandikwa "ataimba". Nimekaa chini.

Kibopa_Original
Kisheria yuko sahihi huyo.

PwaniTamu_Unguja
Da Zai huyo mama wa meza ile ni jirani au mke mwenzio? Maana kuagiza wimbo mzima si bei ya vitenge tu hiyo.

Da_Zai_Magomeni
Njoo PM.

Nyuki_Mweusi
Hapana, hapa hapa! Hakuna kwenda PM!

BwanaMipango
Kwani Msondo siku hizi wanapiga harusini? Mwenye namba anipe, kamati imebanwa na bajeti na mzee wa bibi harusi kasema bila bendi hatoi mtoto.

MzeeWaDDC
Mchukue Sikinde.

BwanaMipango
Mzee kwanza mchango wako sijauona.

ChipsiKavu
Kadi yenu ilinifikia mkuu, natoa elfu ishirini na nakuja na watu wanne.