Deni lililofichwa Bunge: wananchi walipe, au aliyekopesha ale hasara?

Wakuu, kila tukigusa deni la taifa tunaishia palepale: dawa ya deni ni kulipa. Leo naleta deni moja ambalo kwa maoni yangu dawa hiyo hailifai, la Msumbiji.

Kwa ambaye hakulifuatilia: kati ya 2013 na 2014 kampuni tatu za serikali, ProIndicus, EMATUM na MAM, zilikopa zaidi ya dola bilioni 2 kupitia benki ya Uswisi ya Credit Suisse na ile ya Kirusi ya VTB. Waziri wa fedha wa wakati huo, Manuel Chang, alisaini dhamana za serikali. Bunge halikuulizwa, na kiasi kilivuka mbali ukomo wa dhamana uliowekwa kwenye sheria ya bajeti. EMATUM ilitakiwa ivue jodari. Boti zilinunuliwa kweli, zikaundwa Cherbourg, Ufaransa, zikaletwa Maputo, halafu nyingi zikabaki gatini zinakula kutu. Mwaka 2017 wakaguzi wa Kroll waliuliza zilikokwenda dola milioni 500 za EMATUM. Hawakupata maelezo ya kueleweka.

Mwaka 2016 ndipo mikopo miwili iliyokuwa imefichwa kabisa ilipofichuka. IMF na wafadhili wakasimamisha misaada, sarafu yao, metikali, ikaporomoka, na Januari 2017 nchi ikashindwa kulipa riba ya hati fungani yake (hati ya mkopo inayouzwa sokoni). Mkulima wa Nampula ambaye hajawahi kuiona hata boti moja kati ya hizo akaanza kulilipa deni dukani, kupitia bei.

Sasa sikilizeni panapouma. Baraza la Katiba la Msumbiji lilitamka mwaka 2019 kwamba dhamana ya EMATUM ni batili, na 2020 likabatilisha zile nyingine mbili. Ungedhani mambo yamekwisha. Mwaka huohuo wa 2019 serikali ilibadilisha hati fungani ya jodari, yaani ile iliyotokana na mkopo wa EMATUM, kwa mpya ya dola milioni 900, riba asilimia 5 kwa miaka ya mwanzo, kisha asilimia 9 hadi 2031. Yaani chombo cha juu cha katiba kinasema deni halipo, na hazina inalilipa.

Msimamo wangu: mkopo wa serikali ambao Bunge halikuuidhinisha na haukutangazwa popote, abaki nao aliyeutoa. Benki kubwa ina wanasheria wa kutosha kusoma katiba ya nchi inayoikopesha. Na tusiambiwe hawakujua, kwa sababu maofisa watatu wa zamani wa Credit Suisse walikiri makosa mahakamani Marekani mwaka 2019. Wanatutoza riba kubwa wakisema kwetu kuna hatari. Hatari yenyewe ikitokea, wanataka walipwe kana kwamba hawakuitoza.

Anayepinga aje na hoja, siyo matusi.

*Mchangiaji:*
Mkuu, mada nzuri ila umeruka kisiki. Benki iliyokopesha siyo inayodai leo. Hati fungani huuzwa na kununuliwa kila siku, na walionazo sasa wengine ni mifuko ya pensheni ya watu ambao Maputo hawajawahi kuisikia. Utamwadhibu nani hasa? Halafu serikali haifi rais akiondoka. Tukifungua mlango huu, kila anayeingia ikulu atayaita madeni ya mtangulizi wake haramu, na nchi itakopeshwa na walanguzi tu. Afrika Kusini baada ya 1994 ilikuwa na kila sababu ya kuyakataa madeni ya makaburu. Ilichagua kulipa, na Mandela hakuwa mjinga.

*Mchangiaji mwingine:*
Mnahangaika na Wazungu wakati mwizi yumo ndani. Desemba 2022 mahakama ya Maputo iliwatia hatiani watu 11, akiwemo mtoto wa rais wa zamani, Guebuza. Waanze hao kurudisha.

*Mleta mada:*
Nianze na wa pili kwa kuwa jibu lake ni fupi: warudishe, wala sibishi. Lakini angalia pesa za upande wa pili zilivyotembea. Oktoba 2021 Credit Suisse ilikubali kulipa takriban dola milioni 475 kwa mamlaka za Marekani na Uingereza. Msumbiji, aliyeibiwa, akasamehewa dola milioni 200 za deni. Kushtaki mwizi wa ndani hakumzuii mtu kuuliza kwa nini fidia ilipita mbali na nyumba iliyovunjwa.

Kwa mkuu wa kwanza: mnunuzi wa pili ni hoja nzito, na kama angekuwa mstaafu aliyenunua 2013 bila habari ningesita. Ila wale waliopokea hati mpya ya 2019 walikuwa wanaijua habari yote, ilishaandikwa magazetini miaka mitatu. Walijua wanachokinunua.

Kuhusu kukosa wa kukukopesha, hofu hii inakuzwa. Ecuador mwaka 2008, baada ya tume yake kukagua madeni, ilikataa kulipa baadhi ya hati fungani, ikazinunua nyingi mwaka uliofuata kwa takriban senti 35 kwa kila dola. Juni 2014 ilirudi sokoni ikapata dola bilioni 2. Wawekezaji husahau haraka wakiona riba nono. Ndiyo, 2020 Ecuador ilikwama tena, lakini mwaka huo ulikuwa wa corona na bei ya mafuta kuanguka.

Afrika Kusini ilikuwa uamuzi wa kisiasa wa watu waliokuwa wanataka mtaji usikimbie. Naheshimu. Haimaanishi kila nchi ifuate.

Turudi kwenye la kufanyika. Hati fungani nyingi za nchi za Afrika zinasimamiwa na sheria ya Uingereza. Mwaka 2010 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwazuia wanaonunua kwa bei ya chini madeni yaliyoshindikana kulipwa wasidai malipo kamili kwa nchi maskini zilizokuwa kwenye mpango wa msamaha wa madeni, na soko la London halikuanguka. Basi liongezwe sharti moja: mkopo wa serikali ambao haukutangazwa hadharani haudaiwi katika mahakama za Uingereza. Mkuu unayehofia wakopeshaji watakimbia, niambie ni mkopeshaji gani halali atakayeumizwa na sharti hilo.