Naomba ushauri: rauta ya pili inaonyesha waifai ila intaneti hamna

Habari zenu wakuu, naombeni msaada hapa nimekwama. Nyumbani nina rauta ya faiba ipo sebuleni, inapiga kazi vizuri tu, shida vyumba vya nyuma mtandao haufiki kabisa, kuta za tofali nene halafu kuna korido katikati. Nikanunua rauta nyingine mtumba mkononi, nikavuta kebo kama mita 15 mpaka chumbani.

Sasa nikichomeka kebo kwenye tundu la WAN (la kuingizia intaneti) la hiyo rauta ya pili, simu inaunganika waifai vizuri lakini inaandika hakuna intaneti. Nikihamishia tundu la LAN (la kuunganisha vifaa vya ndani) intaneti inakuja dakika kadhaa halafu nyumba nzima inaanza kukatakata, hadi Tv ya sebuleni, na wife kashaanza kununa maana tamthilia yake inakwama.

Nimeshairiseti kwa kubonyeza kile kitundu cha nyuma na pini sekunde 10, nikaweka paswedi mpya, wapi. Kebo nimeijaribu kwenye laptop moja kwa moja, iko poa. Nilichogundua jana usiku ni kwamba rauta zote mbili zinafunguka kwa anwani moja, 192.168.1.1, na zote DHCP (ile inayogawia vifaa anwani) imewashwa, nahisi ndo zinagombana hapo.

Je, nikibadilisha ya pili iwe 192.168.1.2, nizime DHCP yake halafu kebo ibaki LAN, itatosha? Na jina la waifai na paswedi niweke sawa na ya sebuleni ili simu ihame yenyewe au nitofautishe?