Wakuu naomba ushauri: wenzangu kazini wamenisusa tangu mfumo mpya uanze

Kufuli la Ghala: Habari za jioni wakuu. Nasimamia ghala la vifaa vya ujenzi Vingunguti, mwaka wa saba huu. Mzee mwenye kampuni kang'atuka, usukani kashika mwanawe. Kaleta kompyuta, daftari la mzigo limekufa, na ile chai ya saa nne tuliyokunywa benchi moja, tajiri na wabeba mzigo, haipo tena. Sasa nikiingia watu wananyamaza. Niwarudisheje?

Mama Buza: Rudisha chai, mdogo wangu. Kwetu meneja mpya alikataza kula pamoja, basi umbea ukahamia chooni na kazi ikalala.

Konda Mstaafu: Mwendokasi ulipoanza 2016 daladala zetu za Kimara zikaondolewa barabarani. Basi jipya sikulichukia. Kilichoniuma ni kusikia habari kwa abiria, tajiri wangu kakaa kimya. Mkuu, kompyuta tu hainyamazishi watu. Umeruka kitu.

Kufuli la Ghala: Sawa. Bosi alitaka majina manne ya kupunguza. Nimempa. Barua zinatoka Ijumaa. Mmoja ni karani wa daftari, ndiye aliyenifundisha kazi. Ningekataa angeandika mwenyewe, na langu lingekuwemo. Nina watoto shule.

Wakili wa Mtaa: Soma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 38. Mwajiri atoe taarifa mara tu anapofikiria kupunguza watu, aeleze sababu, ashauriane nao KABLA. Wakiachishwa bila hayo wana siku 30 kwenda CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi. Mwambie bosi wako leo, bado hajachelewa.

Mama Buza: Aliyekufundisha kazi! Mungu anaona.

Jicho la Tatu: Wakuu hii chai. Mwezi uliopita huyu aliomba ushauri wa fremu yake ya vifaa vya ujenzi Mbagala. Leo ni msimamizi wa ghala?

Kufuli la Ghala: Fremu ni ya mke wangu.

Konda Mstaafu: Kumbe una pa kukimbilia! Halafu unatuambia habari za watoto.

Mpangaji: Fremu Mbagala ipi, kodi shilingi ngapi kwa mwezi? Natafuta.

Kufuli la Ghala: Anayeona natunga, sawa. Karani hajui kitu. Leo saa nne nimekuta kikombe changu mezani, kakifunika na kisahani kisipoe.

Wakili wa Mtaa: Ukanywa?