Mjadala: Mwamko wa Afrika umekwamia wapi? Mimi nasema mpakani

Mleta mada

Wakuu, salamu. Naomba tujadili hili bila matusi.

"Mwamko wa Afrika" ni neno ambalo wengi wetu tulilisikia kwa Thabo Mbeki wa Afrika Kusini mwishoni mwa miaka ya 1990, na tangu hapo limebadilishwa nguo mara nyingi: NEPAD (mpango wa maendeleo wa bara) mwaka 2001, Umoja wa Afrika mwaka 2002, Ajenda 2063 (dira ya maendeleo ya Umoja huo) mwaka 2015. Hata kabla yake, Lagos mwaka 1980, wakuu wa nchi waliahidiana jumuiya moja ya uchumi ya bara zima ifikapo mwaka 2000. Mwaka 2000 ulifika, jumuiya haikufika.

Mijadala ya aina hii huwa na kambi tatu. Wa utamaduni wanasema tumekwama kwa sababu tunafikiri kwa lugha za watu. Wa siasa wanawataja viongozi. Wa uchumi wanasema tunauza malighafi kisha tunainunua tena ikiwa kwenye boksi. Kila mmoja ana lake la kweli. Ila naona wote wanapita mahali pamoja bila kupatazama: mpaka kati ya Mwafrika na Mwafrika.

Angalieni mfululizo huu. Mwishoni mwa 2017 Tanzania ikateketeza vifaranga 6,400 vilivyoingia kutoka Kenya kupitia Namanga. Februari 2019 njia ya Gatuna, kati ya Rwanda na Uganda, ikafungwa, na ikakaa hivyo karibu miaka mitatu. Julai 2019 Nigeria ikasaini mkataba wa Eneo Huru la Biashara la Afrika. Agosti hiyohiyo ikafunga mipaka yake ya nchi kavu. Machi 2021 Kenya ikazuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Sumukuvu inaua kweli, sibezi hilo. Lakini dawa yake ni maabara mpakani na cheti ambacho pande zote zinakiamini. Barua moja ikitoka ofisini leo, kesho malori yako foleni na mahindi yanaota ndani ya magunia.

Mkataba wa Eneo Huru ulisainiwa Kigali Machi 2018. Mwaka huohuo ilikuwepo pia itifaki ya watu kusafiri na kuishi popote barani. Ili ianze kazi inahitaji nchi 15 ziiridhie, na zilizofanya hivyo hazijafika hata nusu ya hizo. Yaani tumekubali gunia livuke, mwenye gunia abaki. Halafu tunashangaa biashara yetu wenyewe kwa wenyewe inazungukia asilimia 15 tu ya biashara yote ya bara.

Nawasilisha.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umeeleza vizuri ila umeanzia mkiani. Huo mkataba unaousifia uliandikwa kwa lugha gani? Kiarabu, Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Mkulima wa mahindi unayemlilia hapo juu hajawahi kuusoma wala hatausoma. Umoja wa Afrika ulikipa Kiswahili hadhi ya lugha ya kazi Februari 2022, tukapiga vigelegele, mambo yakaendelea kuandikwa kama zamani. Na sisi Tanzania, wenye Kiswahili chetu, mtoto anasoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili, akifika kidato cha kwanza anageuziwa kibao siku moja: baiolojia, historia, hesabu, vyote Kiingereza. Anaacha kuuliza maswali, anaanza kukariri. Ukishamzoesha mtu kukariri, mpaka ukifunguliwa atapitisha nini zaidi ya mzigo wa mwenzake?

Mifupa ya dinosaria wa Tendaguru, Lindi, imekaa Berlin zaidi ya miaka mia sasa. Wajerumani wanajua thamani ya kilichotoka kwetu. Sisi tunajua bei ya viingilio.

Mchangiaji wa pili

Hapo kwenye lugha naomba kutofautiana kidogo. Somalia ilikuwa na lugha moja karibu nchi nzima. Mwaka 1972 ikaiwekea maandishi rasmi, ikaifanya lugha ya ofisi na shule, ikapeleka wanafunzi na walimu vijijini kufundisha watu kusoma. Kazi kubwa, ya kupigiwa mfano. Mwaka 1991 serikali ikasambaratika. Lugha ni muhimu lakini haishiki dola.

Na Kiarabu nacho ni lugha ya Waafrika mamilioni, tusikitupe upande ule.

Mchangiaji wa tatu

Nyote mnazunguka. Tatizo ni nani amekaa ikulu na anamtumikia nani. Mali, Burkina Faso na Niger wamefanya mlichoshindwa kuthubutu: wamewatoa wanajeshi wa Ufaransa, Mali na Burkina Faso wameandika upya sheria za madini, na Januari 2025 wote watatu wametoka ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi. Huo ndio mwamko. Mengine ni semina na posho.

Mleta mada

Nimesoma, ngoja nijibu mmoja mmoja.

Ndugu wa lugha, Kiswahili kilifikaje Kongo? Hakuna wizara iliyokipeleka. Kilisafiri na misafara ya biashara kutoka pwani hadi Kisangani (misafara iliyobeba pia watumwa, tusiipambe). Na "bodaboda" je? Neno limezaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda, vijana wakivusha watu kwa baiskeli kutoka boda hii hadi boda ile. Leo unalisikia hadi mahali pasipo na mpaka wowote. Lugha hufuata miguu ya watu. Kuhusu kidato cha kwanza nakubaliana nawe kabisa, na nitaongeza: hilo tunaweza kulirekebisha peke yetu bila kumwomba mtu, ndiyo maana linauma.

Ndugu wa Sahel, hasira yao naielewa, na koloni la sarafu (faranga ya CFA) nalielewa. Ila ECOWAS unayoifurahia kuachwa ndiyo iliyokuwa na itifaki ya watu kusafiri bila viza tangu 1979, kabla ya karibu kila mtu barani. Walipokuwa wanatoka, wanajeshi wanaotawala nchi hizo tatu wenyewe walitangaza kwamba raia wa ECOWAS wataendelea kuingia kwao bila viza. Walijua watu wao wanaishi Abidjan, Lomé na Accra. Ukitaka mfano wa siasa iliyobadilika, mimi natazama Senegal Machi 2024, mtu ametoka gerezani siku chache kabla ya kura na akashinda, au Botswana mwaka huohuo, chama kilichotawala tangu 1966 kikaondoka na hakuna aliyepigwa risasi.

Mchangiaji wa nne

Mleta mada, umewajibu wepesi, sasa nijibu mimi. Ghana na Côte d'Ivoire ni majirani, na kwa pamoja wanatoa zaidi ya nusu ya kakao ya dunia. Fungua mpaka wao kesho: kakao itavuka kwenda kumfanya nini jirani mwenye kakao? Huwezi kufanya biashara na mtu mwenye kitu kilekile ulichonacho. Kwanza kiwanda, kisha mpaka. Zimbabwe ilipozuia lithiamu ghafi (madini ya betri) kwenda nje Desemba 2022 ilikuwa inafunga, haifungui, na mimi nasema ilikuwa sahihi.

Pili, na hili mnalikwepa kila siku. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika 1977. Sababu zilikuwa nyingi, Amin na Nyerere hawakai meza moja, itikadi tofauti, lakini manung'uniko mojawapo ya zamani kabisa yalikuwa kwamba viwanda vinalundikana Kenya na wengine wanabaki soko. Leo unataka nchi ndogo zifungue milango kwa viwanda vya Afrika Kusini, Misri na Moroko. Watakaofunga duka ni nani?

Mleta mada

Hapo umenikamata, na sitajifanya hujanikamata. Sehemu ya kwanza nina jibu. Kiwanda cha chokoleti hakikosi kakao, kinakosa wanunuzi, na mnunuzi wa karibu anakaa ng'ambo ya mpaka fulani. Kuzuia lithiamu ghafi isiende nje ya bara na kuzuia mahindi ya jirani ni vitu viwili tofauti. La kwanza naliunga mkono.

Sehemu ya pili ndiyo ngumu. Soko likifunguka, wenye nguvu hula kwanza. 1977 ilitufundisha hivyo. Panahitajika mfuko wa kuwafidia wanaoumia, na mfuko unahitaji fedha zetu. Sasa kumbukeni Kigali, Julai 2016: viongozi walikubaliana kila nchi itoze asilimia 0.2 ya bidhaa fulani zinazoingia kutoka nje ya bara ili Umoja wa Afrika ujilipie wenyewe. Nchi nyingi hazikutekeleza. Programu za Umoja bado zinategemea sana wafadhili, na makao makuu ya Addis Ababa yenyewe ni zawadi ya China, yamezinduliwa 2012. Kama asilimia 0.2 imetushinda, fidia tutailipa kwa fedha gani? Kwa hiyo nasogea nusu hatua kuelekea kwako: mpaka ufunguliwe na mfuko uwepo siku hiyohiyo.

Mchangiaji wa tano

Ndugu zangu, mimi si msomi. Navusha bidhaa ndogondogo, mpaka nisiutaje. Miaka mitano nilipita njia za panya usiku, kwa sababu pale getini kila meza ilikuwa na bei yake na hakuna risiti. Mara mbili nimenyang'anywa mzigo wote, mara moja nikiwa na mtoto mgongoni. Mnasema Kigali, Lagos, Addis. Mimi sikuwahi kuambiwa kwamba ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki mzigo uliozalishwa humuhumu wenye thamani isiyozidi dola 2,000 una cheti chake rahisi, unajaza hapohapo mpakani, ushuru wa forodha hulipi.

Mleta mada

Mama, shikamoo. Cheti hicho kipo muda mrefu. Nani alikwambia hatimaye?

Mchangiaji wa tano

Marahaba. Dereva wa lori. Afisa nilipomwomba fomu alinitazama kwanza, kisha akaitoa chini kabisa ya droo, ina vumbi.