Pampu ya majitaka ya mtaa wetu: ya kuzama au ya kukaa juu?

Katibu_Utawala: Wakuu, tulianza na nyumba 60, sasa tunakaribia 200 na ploti bado zinauzwa. Tuko bondeni, laini ya majitaka iko juu barabarani, lazima tusukume. Tumeletewa bei mbili: pampu za kuzama shimoni, na za kujivuta zinazokaa juu. Mimi nazipenda za juu, fundi anazifungua bila kugusa uchafu. Kina ni mita 6.

Mhandisi_Donholm: Kwa kina hicho, achana na za juu. Kinachopandisha maji kwenye bomba la kuvuta ni kani ya hewa ya nje. Mombasa hewa huweza kuyainua takriban mita 10 kwa hesabu. Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, inabaki kama 8.4. Toa msuguano wa bomba na viungo, hiyo mita 6 itakusumbua kila siku. Muulize muuzaji kama karatasi yake ya vipimo vya pampu imeandikwa kwa usawa wa bahari.

MamaKasarani: Sisi tuna za kuzama, mbili, zinapokezana, moja ikiharibika nyingine inashika kazi. Nepi na vitambaa viliziba zile za kwanza, tukaweka zenye njia ya ndani ya milimita 80, uchafu upite. Kingine ni boya, lile linaloelea na kuwasha pampu maji yakipanda. Letu liliganda mafuta ya chapati na karanga likashindwa kuinuka, chemba ikafurika usiku stima ikiwepo. Siku hizi linaoshwa kila wiki.

Katibu_Utawala: Asante dada. Basi ninunue kubwa kabisa, za nyumba 500?

Mhandisi_Donholm: Hapana ndugu yangu. Pampu kubwa hutaka shimo na bomba kubwa. Shimo kubwa lenye maji machache hulaza uchafu, unaoza na kunuka. Na kwenye bomba la kupandishia maji yakienda chini ya mita 0.7 kwa sekunde, mchanga unatuama. Nunua mbili za mahitaji ya sasa, acha nafasi ya tatu.

Fundi_Ruai: Mkichukua za kuzama, dai reli na mnyororo, pampu ipandishwe bila mtu kuingia. Gesi ya humo ikizidi huua pua kwanza, hausikii harufu tena, halafu unaanguka. Anayeshuka kumwokoa mwenzake naye hubaki humo. Bei isiyo na reli, irudisheni.

MamaKasarani: Na jenereta pia, Katibu. Stima ikikatika watu hawaachi kuoga.