Naomba ushauri: vifaa vimenigomea mbele ya bibi wa watu ufukweni Kigoma, narudiaje kazi hii?

mgeni_wa_ziwa (mwanzisha uzi)

Wakuu, shikamooni mliotangulia, wenzangu habari za usiku. Naandika nikiwa na kadi ya kamera mezani ambayo sijui kama picha zimo au zimepotea, na kesho asubuhi natakiwa kumpigia mteja. Naomba mnisome mpaka mwisho.

Mimi ni mpiga picha. Dar nilifanya kazi hii miaka sita, zaidi ni kumbi za harusi na picha za studio, yaani ndani. Mwaka jana nikahamia Kigoma, nina ofisi ndogo mtaa wa Mwanga. Familia moja ya Ujiji ikanipa kazi ya kumpiga picha bibi yao mwenye miaka 84. Watoto wake wamekuja kutoka Dar, Tabora na Mpanda, na mara ya mwisho kukutana wote ilikuwa kwenye msiba wa baba yao. Walitaka picha za bibi peke yake, bibi na kila mtoto, halafu wote pamoja. Tulipatana laki mbili na nusu, wakatanguliza laki na nusu. Bibi mwenyewe alitaka ziwa lionekane nyuma yake, kwa hiyo leo saa kumi jioni tukaenda ufukweni upande wa Katonga.

Kamera ilishinda ofisini kwenye kiyoyozi. Nafungua begi pale ufukweni, lenzi yote ukungu. Nikifuta, unarudi. Dakika ishirini zikapita bibi amekaa kwenye kiti cha plastiki, amejifunga khanga yake mpya, anatusubiri bila kulalamika.

Ukungu ulipoisha, flashi ikaanza. Jua lilikuwa nyuma ya bibi na maji yanang'aa, bila flashi uso unakuwa mweusi. Nilikuwa na flashi moja ndani ya softiboksi (boksi la kitambaa la kulainisha mwanga), naiwasha kwa triga, kile kifaa kinachokaa juu ya kamera. Inapiga mara moja, mara mbili inagoma. Nikaweka betri mpya nilizonunua dukani njiani, ikapiga, lakini kila pigo nasubiri sekunde karibu kumi ijae. Anga nalo likawa jeupe kabisa, nikapandisha spidi ya shata kutoka 1/200 mpaka 1/500 ya sekunde. Hapo nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona: nusu ya chini ya picha ina giza, ukingo wake umenyooka kama umepigwa rula.

Wakati nahangaika na hilo, upepo ukachukua stendi na softiboksi yake. Mguu wa flashi umevunjika. Ilianguka hatua mbili tu kutoka kwa bibi, na hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko yote.

Nikaendelea bila flashi. Betri ya kamera ikazima, na ile ya akiba haikuwa imejaa kwa sababu jana usiku umeme ulikatika. Nikabana hivyo hivyo mpaka picha kama mia mbili, halafu kamera ikaandika kwamba kadi ina hitilafu. Tangu hapo haisomi kitu.

Watoto wa bibi wanaondoka Jumatatu. Leo ni Alhamisi. Naomba mnisaidie: hii kadi nifanyeje? Ule mstari ni nini, kamera imekufa? Na kubwa zaidi, nimwambie nini mtoto mkubwa wa bibi kesho?

fundi_kadi

Pole sana mkuu. Nianze na kadi kwa sababu hapo dakika moja ya haraka inaweza kuharibu.

Usiirudishe kwenye kamera. Usikubali kompyuta ikikwambia uiformati. Kama ni ile kadi ya SD ya kawaida, pembeni ina kiswichi kidogo, kisukume upande wa kufunga ili pasiandikwe kitu juu yake. Picha zikipotea kwa hitilafu ya namna hii, mara nyingi kilichoharibika ni orodha inayoonyesha picha ipo wapi, picha zenyewe bado zimekaa. Zinakuja kupotea kweli pale unapoandika vitu vipya juu yake.

Tafuta kisomeo cha kadi, pakua programu inaitwa PhotoRec, ni ya bure. Sura yake haivutii, ni maandishi matupu kwenye skrini nyeusi, usiogope. Muhimu moja: zinazookolewa zihifadhi kwenye kompyuta, kamwe si kwenye kadi hiyo hiyo. Iache ifanye kazi hata saa mbili, kalale.

Na hiyo kadi uliinunua wapi? Kuna kadi zimeandikwa GB 64 wakati ndani ni 8. Zinakubali picha za mwanzo vizuri, ukivuka uwezo wake halisi ndipo kilio.

mgeni_wa_ziwa

Nilinunua kwa mtu mkononi, bei ilikuwa nusu ya dukani. Asante mkuu, naanza sasa hivi.

mama_studio_tbr

Mdogo wangu, mimi nipo Tabora na kazi hii naifanya tangu enzi za filamu, tunaosha picha chumba cha giza. Kamera yako haijafa. Huo mstari ni pazia la shata.

Ndani ya kamera yako kuna mapazia mawili. La kwanza linafunguka, la pili linafuata kufunga. Ukipiga kwa 1/200, kuna nukta moja ambapo la kwanza limeshafunguka lote na la pili halijaanza kutembea, na flashi inapiga hapo. Ukienda 1/500 la pili linaondoka kabla la kwanza halijafika mwisho, kwa hiyo muda wote pana mwanya tu unaopita. Flashi ni ya kufumba na kufumbua, inaangaza kile kilicho kwenye mwanya, sehemu nyingine inapata jua peke yake. Ndiyo giza lako hilo. Kamera nyingi mwisho wake ni 1/200 au 1/250, angalia kitabu cha yako.

Vijana watakwambia washa HSS, yaani flashi ipige hata shata ikiwa na spidi kubwa. Kama flashi na triga yako vyote vinayo, ni kweli mstari utaondoka, lakini nguvu ya flashi inashuka sana na betri zinaliwa. Kwa jua la ziwani saa kumi na flashi ndogo ndani ya kitambaa, hata mstari ungeondoka usingepata mwanga wa kutosha.

lenzi_ya_kino

Naongezea kwa dada hapo juu. Weka kichujio cha ND, kile kioo cheusi cha kupunguza mwanga, kwenye lenzi, hapo unaweza kupiga f/2.8 (tundu la lenzi wazi sana) kwa 1/200 hata juani, mstari hauji.

mama_studio_tbr

Mstari hauji, kweli. Ila kichujio kinapunguza jua na flashi kwa pamoja, mwanangu. Flashi itatakiwa itoe nguvu ile ile ambayo ingetoa kwenye f/11, tundu likiwa dogo. Flashi yake haina nguvu hiyo. Tusimtume dukani kununua kitu kingine cha kumwangusha.

lenzi_ya_kino

Nimekuelewa, hapo nilipitiwa. Basi mkuu piga kama tunavyofanya huku Dar, saa kumi na moja na nusu hivi, jua limelala, mwanga laini.

mwana_ujiji

Hapo ndipo wageni wote wanapokosea, nisikilizeni. Saa ya ukutani ni moja nchi nzima, jua si moja. Dar ipo kwenye longitudo ya 39, Kigoma ipo karibu na 30. Kila nyuzi 15 ni saa nzima, kwa hiyo jua letu liko nyuma ya la Dar kwa dakika karibu arobaini. Saa kumi jioni ya Kigoma ni kama saa tisa na dakika ishirini ya Dar. Mwanzisha uzi alimweka bibi kwenye jua kali la alasiri akidhani linaelekea kulala. Huku jua linazama kwenye milima ya Kongo karibu na saa moja, miezi mingine saa moja imepita. Mwanga unaoutaka ni wa saa kumi na mbili na robo kuendelea.

Na upepo wa ziwani kiangazi hiki unaujua? Softiboksi ni tanga. Ukiweka tanga juu ya fimbo bila nanga, linakwenda. Chukua viroba viwili, jaza mchanga pale pale ufukweni, funga miguuni mwa stendi. Au mpe kijana ashike, umlipe. Ingemwangukia bibi yule tungekuwa tunaandika mambo mengine hapa.

mgeni_wa_ziwa

Kaka, hilo la jua sikuwahi kulifikiria hata mara moja. Nimeishi hapa mwaka mzima naona giza linachelewa nikawa nadhani ni kwa sababu ya ziwa.

betri_nne

Kuhusu sekunde kumi: betri za AA za kutupa ni nzuri kwa rimoti na saa. Flashi inataka umeme mwingi kwa mkupuo na hizo haziwezi kuutoa haraka. Nunua za kuchaji, NiMH, seti mbili za nne nne. Zimeandikwa volti 1.2 badala ya 1.5, lisikutishe, kwenye flashi zinashinda. Triga inayogoma nayo, vua, angalia vile vidoa vya chuma chini yake na pale juu ya kamera inapokaa. Vikiwa na utando sugua taratibu na kifutio cha penseli, pangusa mabaki yasiingie ndani. Hakikisha pia imesukumwa mpaka mwisho ikafungwa. Yangu ilinisumbua miezi miwili kumbe ilikuwa imebaki milimita moja.

Ukungu: kabla hujatoka kwenye kiyoyozi ingiza kamera kwenye mfuko wa plastiki, funga vizuri, ikifika nje iache humo nusu saa ipate joto. Unyevu utashika juu ya plastiki badala ya lenzi. Au zima tu kiyoyozi mapema.

mzee_wa_reli

Nimesoma yote ya vifaa, ni mazuri. Lakini swali lake kubwa hamjalijibu. Mwanangu, usingoje asubuhi kutafuta maneno. Mwambie mtoto mkubwa ukweli mzima: kadi imeharibika, najaribu kuokoa, naomba nirudie bila malipo kabla ya Jumatatu. Na uende kwa miguu yako Ujiji ukamwombe bibi radhi kwa ile stendi. Simu haitoshi kwa mtu wa umri ule.

lenzi_ya_kino

Mimi nasema arudishe pesa yote. Kazi haikufanyika.

mzee_wa_reli

Pesa haitamrudishia bibi watoto wake wakiwa wamesimama pamoja. Pesa aiweke mezani, wao waamue. Ila kwanza picha.

mama_studio_tbr

Naungana na mzee. Na mara hii usimpeleke tena mchangani. Mama wa miaka 84 kutembea kwenye mchanga, upepo machoni, atakunja uso hata ukiwa na vifaa vya milioni kumi. Tafuta baraza pana lenye kivuli, lililo wazi upande mmoja. Mkalishe karibu na ukingo wa kivuli, uso uelekee kwenye uwazi. Anga lenyewe ndilo softiboksi yako, na halianguki. Upande wenye giza weka shuka jeupe, mtu alishike, litarudisha mwanga kidogo shavuni. Hapo Kigoma stesheni ya reli si ina matao chini? Omba ruhusa kwa mkuu wa stesheni.

mgeni_wa_ziwa

Dada yangu, umenigusa pasipo kujua. Marehemu mume wa bibi alikuwa mtu wa reli. Nimetoka kumwambia binti yake sasa hivi kwa simu, nimemweleza na ya kadi yote. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Mama atakubali stesheni kuliko ziwani."

mwana_ujiji

Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, jengo lile limeona mengi. Nenda asubuhi, mapema. Na kumbuka nililokwambia, huku jua linachomoza karibu na saa moja, usiwaamshe watu saa kumi na moja alfajiri kama upo Dar.

mgeni_wa_ziwa

MREJESHO, Jumapili usiku.

PhotoRec ilifanya kazi karibu saa tatu. Nimepata picha 163. Kama thelathini zimekatika nusu, chini ni rangi ya kijivu tupu. Zilizobaki nyingi bibi amefinya macho, lakini kuna moja, kabla stendi haijaanguka, anamwangalia mwanawe wa mwisho akimrekebishia khanga begani. Haina flashi, anga limeungua kwa mwanga, jeupe tupu. Familia wameichagua hiyo pamoja na kasoro zake.

Ijumaa nilikwenda Ujiji. Bibi alinipa chai, akaniuliza kama chombo changu kimepona. Laki na nusu niliiweka mezani, binti mkubwa akairudisha mkononi mwangu, akasema badala yake nisafishe picha moja kubwa kwa kila mtoto. Wapo sita.

Jumamosi saa mbili kasoro tulikuwa stesheni, mkuu wa stesheni ametuachia baraza mpaka saa tatu. Kadi mbili mpya za dukani, nimezijaribu usiku kwa kuzijaza mpaka mwisho. Betri tatu zimejaa. Stendi sikubeba kabisa. Wajukuu wawili walishika shuka. Bibi alikaa, baadaye akataka kusimama mwenyewe, akaweka mkono kwenye nguzo ya tao. Akatuambia mume wake alikuwa akisimama pale pale akimsubiri amletee chakula. Watoto wake hawakuwahi kulisikia hilo. Nikapiga huku wanamsikiliza, hakuna aliyekuwa anaangalia kamera.

mama_studio_tbr

Hongera mdogo wangu. Ulitumia nini pale?

mgeni_wa_ziwa

Lenzi ya milimita 85, f/4, 1/160, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 400. Ya wote pamoja nilihamia lenzi ya 35, nikaenda f/5.6 ili wa nyuma wasipotee, ISO 800. Flashi ipo ofisini, mguu wake bado haujapata fundi. Kama kuna anayemjua mtu wa Kigoma mjini anayetengeneza, naomba anielekeze.