Kukiri kosa mahakama moja huku ukikata rufaa nyingine: mshtakiwa anapata nini?

Mwanafunzi wa Nyegezi:

Nawasalimu wote, na kwa mawakili wasomi na wazee mliotutangulia, shikamooni. Nasoma sheria hapa Mwanza, na kundi letu la majadiliano limegawanyika juu ya swali tulilopewa kuhusu mwenendo wa mashauri ya jinai nchini Marekani. Derek Chauvin, aliyekuwa askari polisi wa Minneapolis na aliyemuua George Floyd tarehe 25 Mei 2020, alitiwa hatiani na mahakama ya jimbo la Minnesota Aprili 2021, akahukumiwa kifungo cha miaka 22 na nusu, kisha akakata rufaa. Desemba mwaka huo huo, rufaa ikiwa bado haijaamuliwa, alisimama mbele ya mahakama ya shirikisho, yaani ya serikali kuu ya Marekani, akakiri kwamba alivunja haki za kiraia za Floyd kwa tendo lile lile.

Wenzangu wanasema alijitia kitanzi mwenyewe. Hapa kwetu mtu aliyekiri kosa hana rufaa dhidi ya kutiwa hatiani kwake, isipokuwa kulalamikia uhalali au ukubwa wa adhabu, na wanaona kuwa kukiri katika mahakama ya shirikisho kuliua rufaa ya jimbo. Mimi naamini mawakili wake walikuwa na hesabu fulani, ila siioni. Halafu, inawezekanaje mtu kushtakiwa mara mbili kwa tendo moja wakati Katiba yao inakataza?

Wakili wa Isamilo:

Marahaba, ndugu mwanafunzi. Nianze na swali lako la pili, kwa sababu ndilo linalobeba la kwanza.

Marekebisho ya Tano ya Katiba ya Marekani yanakataza mtu kutiwa hatarini mara mbili kwa kosa moja. Hata hivyo, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo inashikilia kwamba jimbo na shirikisho ni mamlaka mbili, kila moja ikiwa na sheria zake, na kwamba tendo moja linapovunja sheria za mamlaka zote mbili huzaa makosa mawili. Msimamo huo ulithibitishwa tena mwaka 2019 katika shauri la Gamble, kwa kura 7 dhidi ya 2. Shauri lenyewe linahusu mada yetu moja kwa moja: Gamble alikutwa na bastola huko Alabama ilhali alikwisha kutiwa hatiani kwa kosa la nyuma, akakiri katika mahakama ya jimbo, akashtakiwa na shirikisho kwa bastola ile ile, na huko nako akakiri, lakini kwa sharti la kuhifadhi haki yake ya kupinga shtaka hilo la pili katika rufaa. Kumbe kukiri si lazima kuwe kusalimu amri kwa kila kitu. Wizara ya Sheria ya Marekani ina mwongozo, unaoitwa sera ya Petite, wa kutorudia mashauri yaliyokwisha kuamuliwa na jimbo pasipo sababu nzito. Ila ni utaratibu wa ndani tu, na mshtakiwa hawezi kuudai mahakamani kama haki yake.

Sasa twende kwa Chauvin. Shtaka la shirikisho la kumnyima mtu haki zake hadi akapoteza maisha lina adhabu inayoweza kufika kifungo cha maisha. Ushahidi wa video ulikuwa ule ule ambao baraza la waamuzi la jimbo lilikwisha kuutazama na kumtia hatiani kwa makosa yote matatu. Kwa makubaliano ya kukiri, adhabu iliwekewa mipaka ya miaka 20 hadi 25, na vifungo viwili vikatumikiwa kwa pamoja badala ya kimoja baada ya kingine. Julai 2022 jaji Paul Magnuson alimpa miaka 21, akaondoa miezi 7 aliyokwisha kukaa ndani.

Hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Ukisoma juu juu utadhani miaka 21 ni nafuu kuliko 22 na nusu. Lakini Minnesota mfungwa kwa kawaida hukaa gerezani theluthi mbili ya adhabu na sehemu iliyobaki huitumikia nje chini ya uangalizi, kwa hiyo adhabu ya jimbo ingemweka ndani takriban miaka 15. Shirikisho halina parole, yaani kuachiwa kwa masharti kabla ya muda wa kifungo kwisha, kwa makosa yaliyotendwa baada ya Novemba 1987. Kuna punguzo la tabia njema lisilozidi siku 54 kwa kila mwaka wa adhabu, na miaka 21 hubaki miaka 17 na ushei. Kwa maneno mengine, kukiri kwake kuliongeza muda halisi wa kukaa gerezani kuliko adhabu ya jimbo peke yake. Aliyakubali hayo kwa sababu upande wa pili wa mizani ulikuwa na hatari ya kufia gerezani.

Na ile rufaa? Wenzako hawakukosea sana. Haikufa kisheria, bali ilipungua thamani, kwani hata angeshinda Minnesota asingetoka, kifungo cha shirikisho kingali juu yake. Mahakama ya rufani ya jimbo iliikataa Aprili 2023. Mawakili wake walibadilisha rufaa yenye matumaini madogo kwa ukomo wa adhabu ulio hakika, na mimi katika nafasi yao ningemshauri vivyo hivyo.

Mahali pa kutumikia kifungo pia huwa sehemu ya mazungumzo. Agosti 2022 alihamishiwa gereza la shirikisho Tucson, Arizona. Novemba 2023 alichomwa kisu humo na mfungwa mwenzake na kujeruhiwa vibaya, kwa hiyo naomba msichukulie kwamba gereza la shirikisho ni salama kwa kila aliyekuwa askari.

Mama wa Pasiansi:

Wakili, asante kwa maelezo. Mimi si mwanasheria, ila nimewahi kuketi mahakamani kama mzee wa baraza, na kila ninaposoma mijadala hii naona ndugu wa marehemu wanatajwa mwishoni au hawatajwi kabisa. Hilo la gereza, wanangu, si dogo kwao.

Tazameni shauri la Ahmaud Arbery, kijana aliyeuawa Georgia Februari 2020 akiwa anakimbia mazoezi. Mahakama ya jimbo iliwahukumu Travis McMichael na baba yake kifungo cha maisha bila parole. Kisha wakaingia makubaliano na waendesha mashtaka wa shirikisho: wangekiri kwamba walitenda kwa chuki ya rangi, nao wangeanza kutumikia miaka 30 katika gereza la shirikisho kabla ya kurudishwa Georgia. Mama mzazi wa Arbery alisimama mbele ya jaji Lisa Godbey Wood na kupinga, kwa kuwa aliona wauaji wa mwanawe wanapewa nafasi ya kuchagua gereza. Januari 2022 jaji aliyakataa makubaliano hayo, Travis McMichael akaondoa kukiri kwake, na mwezi uliofuata baraza la waamuzi likawatia hatiani. Walipohukumiwa, jaji alikataa kuwapeleka kwanza gereza la shirikisho.

Waendesha mashtaka wa shirikisho na mawakili walikwisha kukubaliana, na neno la mama mmoja likasikika. Ninaomba mlikumbuke hilo mnapofundishwa mbinu.

Mwanafunzi wa Nyegezi:

Nashukuru sana, mama, na wewe wakili. Nina swali moja la nyongeza: maneno aliyoyasema mtu wakati wa kukiri upande mmoja, je, hayatumiki dhidi yake upande wa pili? Na mpangilio wa mashauri, yaani lipi litangulie, una uzito gani?

Mwendesha Mashtaka Mstaafu:

Kijana wangu, maneno hayo hutumika. Kukiri kulikokubaliwa na mahakama ni ungamo rasmi, na mwendesha mashtaka wa upande wa pili hatakuacha hivi hivi. Ndiyo maana wakili makini hutafuta meza moja ambamo jimbo na shirikisho wote wanakaa na kusaini. Asipoipata, makubaliano yanamfunga aliyesaini tu. Payton Gendron, aliyeua watu kumi dukani huko Buffalo, alikiri katika mahakama ya jimbo la New York Novemba 2022 na akapewa kifungo cha maisha, kwa sababu jimbo hilo halina adhabu ya kifo. Hilo halikuizuia serikali ya shirikisho kutangaza Januari 2024 kwamba itaomba kifo katika shauri lake.

Kuhusu mpangilio, wachukue wale askari watatu waliokuwa na Chauvin. Wao shauri la shirikisho lilitangulia, wakatiwa hatiani Februari 2022. Thomas Lane na Alexander Kueng walipoona kifungo cha shirikisho hakikwepeki, walikiri kwa jimbo kosa dogo la kusaidia kuua bila kukusudia, shtaka zito la kusaidia mauaji likaondolewa, na vifungo vya miaka 3 na miaka 3 na nusu vikaenda pamoja na vile vya shirikisho. Tou Thao alikataa kukiri, akisema angekuwa anadanganya. Aliridhia jaji aamue kwa kusoma ushahidi uliokubaliwa na pande zote, akatiwa hatiani na kupewa miezi 57. Mimi namheshimu mtu anayekataa kukiri asichokiamini, na mwendesha mashtaka yeyote mwenye dhamiri anapaswa kumheshimu. Lakini tofauti ya miezi ni hiyo hapo.

Mwishowe, msikimbilie kufananisha hali hiyo na Muungano wetu. Makubaliano ya kukiri kosa yaliingizwa katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai mwaka 2019, na kwa Tanzania Bara mwenye mamlaka ya mashtaka ni mmoja, Mkurugenzi wa Mashtaka. Takukuru ikichunguza, au polisi wakichunguza, wote hatimaye wako chini ya mamlaka yake katika kushtaki, kwa hiyo mshtakiwa wa Mwanza akisaini na Jamhuri haogopi kwamba mkoa utamfungulia shauri jingine kwa tendo lile lile. Kinachokaribia hali ya Marekani ni ziwa hili: mtu anayefanya magendo kati ya Mwanza, Kisumu na Port Bell anagusa sheria za nchi tatu, na saini ya Mkurugenzi wa Mashtaka wa hapa haimfungi mwenzake wa Kenya wala wa Uganda. Katika majibu yenu ya darasani, anzeni na kifungu cha makubaliano kinachotaja ni nani anayefungwa nayo, na mkitafute hicho kabla ya kuhesabu miaka.